Walimuuliza Kaka Yangu Nataka Nini

Kwa siku tisa za mwezi wa Oktoba nilikuwa mtu asiyejijua. Nililazwa katika hospitali moja hapa Stockholm, kichwa kimenyolewa, mrija puani, mikono imevikwa mifuko laini ili nisiuchomoe, na watu walizungumza juu yangu kama wanavyozungumza juu ya mzigo uliokwama forodhani: ni wa nani, unaenda wapi, nani atie sahihi. Sasa ni Aprili. Najijua tena, na nina hasira. Sijasubiri ipoe ndipo niandike, kwa sababu nadhani hasira hii itamfaa mtu aliyeambiwa wiki hii kwamba ana kitu kichwani, au mtu ambaye mama yake ameanza kusahau majina ya watoto. Kama bado una akili zako, kuna kazi ya kufanya, na hakuna atakayekuambia uifanye.

Naitwa Faida. Nina miaka arobaini na tisa. Nilizaliwa Uvira, shule niliiacha darasa la sita, na tangu hapo sijakaa mahali nikazoea. Nimeshona nguo Bujumbura, nimepikia wajenzi Kigoma, nimesuka nywele Lusaka, na tangu nifike Sweden nimehama mara saba. Kaka yangu Josué, mkubwa wetu, anaishi Tensta katika nyumba ile ile aliyopewa alipofika. Kila nikihama husema, “Faida anatafuta nini? Mwambieni ameshakipita.” Mimi sitafuti kitu. Napenda kujua tu. Nikiona mashine nataka kujua inafanyaje kazi; nikiona fomu naisoma mpaka maandishi madogo ya chini kabisa. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote katika habari hii.

Ugonjwa ulianza Agosti kwa harufu ya sukari inayoungua. Nilikuwa nasafisha mabehewa ya treni, na kila siku mahali fulani kati ya behewa la tatu na la nne harufu ilinijia, ikakaa kidogo, ikaondoka. Niliwauliza wenzangu, hakuna aliyeisikia. Kisha mkono wa kushoto ukaanza kuangusha vitu: kitambaa, funguo, kikombe. Mwishoni mwa mwezi nilianguka kwenye ngazi za umeme za kituo cha Rissne, ninakoishi, na nilipozinduka nilikuwa nimejikojolea mbele ya watu waliokuwa wanakwenda kazini. Wakanipiga picha za kichwa. Kulikuwa na uvimbe. Daktari wa upasuaji alisema si ule mbaya kabisa, lakini umekaa pabaya, nyuma ya paji la uso, mahali ambapo mtu hukaa.

“Unaweza kuamka ukiwa tofauti kidogo,” alisema.

“Tofauti kiasi gani?”

“Ni vigumu kusema.” Akatazama saa yake.

Niliporudi kwenye kituo cha afya cha mtaani nilimuuliza daktari wa pale jambo moja tu. Nikiamka sijijui, nani atanisemea? Nilikuwa nimekaa saa mbili na dakika kumi kwenye chumba cha kusubiri nikiwa na swali hilo, nimelishika kama mtoto mgonjwa. Alitabasamu. “Tusitangulie mambo. Wewe bado kijana.” Halafu akaniandikia dawa ya usingizi. Sikuomba dawa ya usingizi! Nilikuwa nalala vizuri. Nilikuwa nimeuliza swali la mtu mzima, nikabembelezwa.

Nikaenda maktaba ya Sundbyberg. Kijana wa pale hakuwa daktari wala mwanasheria, lakini alikaa nami mpaka tukapata. Nchi hii ina hati inayoitwa framtidsfullmakt, yaani hati ya uwakala wa siku za mbele: ukiwa na akili timamu unamteua mtu, na siku ukishindwa yeye ndiye anayeshughulikia nyumba yako, barua zako, maombi yako ofisini. Alinichapishia kurasa nne. Nilizisoma ndani ya treni, nikazisoma nyumbani, nikampelekea jirani yangu Mama Keza.

Mama Keza ni Mrundi, amepika jikoni mwa shule miaka mingi, na tunatumia ngazi moja katika jengo letu. Si ndugu yangu. Ni mtu anayejua kwamba sipendi taa ya dari, kwamba nikiumwa sitaki kuguswa miguu, na kwamba naogopa kuonekana vibaya kuliko ninavyoogopa kufa. Nilimwambia nataka yeye ndiye anisemee.

“Una kaka,” alisema.

“Nina kaka. Ndiyo maana.”

Alicheka, kisha akakubali.

Niliandika karatasi yangu kwa Kiswahili na kwa Kisweden. Nilisema madaktari wajaribu kila njia maadamu kuna tumaini la mimi kurudi. Wakisema hakuna kurudi, wasiniweke kwenye mashine, waniache niende bila maumivu. Nilisema nisemeshwe kwa Kiswahili hata kama sijibu. Nilisema mtu yeyote asinipige picha wala video. Na nikamteua Mama Keza.

Sasa sikiliza kosa letu, maana ni kosa la watu kama sisi. Kwetu karatasi nzito haitiwi sahihi pembeni. Mahari, shamba, mtoto anayekwenda kulelewa na shangazi: ukoo unakaa, unaomba, unakunywa chai, na kila aliyepo anaandika jina lake. Asiyeandika ameonyesha kwamba ana neno moyoni. Kwa hiyo niliipeleka karatasi yangu Tensta, sebuleni kwa Josué, Jumapili baada ya ibada. Ikazunguka meza. Josué alitia sahihi ya kwanza, na juu kabisa akaandika kwa mkono wake, “Familia imekubali.” Mke wake akatia, dada yetu mdogo akatia, wazee wawili wa ukoo wakatia, ndugu wengine wanne wakatia, na Mama Keza mwenyewe akapewa kalamu. Binamu yetu alikuwa kazini, kwa hiyo kesho yake karatasi ikapelekwa kwake, akaisainia juu ya boneti ya gari. Jumla sahihi kumi na moja.

Zile kurasa nne zilisema mashahidi wawili, wote wawili wakiwepo wakati mmoja ninapotia sahihi, wasiwe ndugu zangu wa karibu, na asiwe yule ninayemteua. Nilikuwa nimeusoma mstari huo. Sitadanganya. Niliusoma nikajiambia: kumi na moja si zaidi ya wawili? Na nilimwonyesha Josué, akasema, “Mgeni atayajuaje mambo yetu?” Ikaonekana ni jibu. Mimi, msomaji wa maandishi madogo, nikakunja karatasi nikaiweka kwenye bahasha.

Walinipasua katikati ya Oktoba, majani ya miti ya nje yakiwa ya manjano. Upasuaji ulikwenda vizuri. Siku ya pili ubongo ukavimba, na kuanzia hapo sina changu, nina cha kusimuliwa.

Wanasema Kisweden kiliniondoka chote. Nilitoa maneno machache ya lugha ya bibi yangu ambayo hata Josué hakuyaelewa. Nilimtukana mtu aliyekuwa ananiosha. Nililia kama mtoto nikiona dirisha. Josué ndiye aliyenisindikiza siku ya kulazwa, ndiye aliyezungumza mapokezini, na kwenye fomu walimwandika yeye kuwa mtu wangu wa karibu. Siku ya tatu Mama Keza alifika na bahasha, akaambiwa hawezi kupewa habari yoyote kwa sababu jina lake halimo. Akatoa karatasi. Muuguzi akamwita afisa wa ustawi wa jamii wa hospitali, mwanamke mwenye sauti ya upole. Mama Keza amenisimulia mara nyingi, na kila mara anasimama ili aigize vizuri.

“Hawa waliotia sahihi ni nani?” aliuliza yule afisa.

“Ni ndugu.”

“Ndugu hawawezi kuwa mashahidi. Na hapa naona jina lako wewe mwenyewe.”

“Nilitia kwa sababu ningekataa wangeniita mchawi.”

Afisa hakucheka. Alisema hati si halali. Kisha akasema, kwa upole ule ule, kwamba hata ingekuwa halali, uwakala wa namna hiyo hauhusu matibabu.

“Basi unahusu nini?” Mama Keza alimuuliza. “Mapazia?”

Alirudi Rissne na bahasha yake. Siku tatu mfululizo alikuja kukaa kwenye viti vya ukumbi wa chini, karibu na duka la maua, kwa sababu wodini hakuruhusiwa. Alikuwa na maharage kwenye kopo, yakiwa moto, yakapoa, akayala mwenyewe.

Mwisho wa siku ya tisa nilimtambua Josué. Nilisema, “Umenenepa.” Wanasema wodi nzima ilifurahi. Mimi nakumbuka uso wake tu, ndevu hazijanyolewa, na kwamba alilia akiwa ameshika chuma cha kitanda. Alikuwa amelala kwenye kiti siku zote tisa. Naliandika hilo hapa kwa sababu ni kweli, na kwa sababu litawachanganya wanaotaka kumchukia.

Novemba nilijifunza kushika kijiko. Kioo sikukitazama mpaka nilipokuwa tayari, na nilipokitazama nilimwona mtu mwenye uso wa mviringo kwa sababu ya vidonge, na mshono kutoka sikio hadi sikio kama bendi ya nywele iliyowekwa vibaya. Muuguzi msaidizi mmoja, Mkenya, alinipaka mafuta kichwani kila asubuhi bila kuombwa. “Shikamoo mama, leo tunang'ara,” alikuwa akisema. Mshahara wake sijui ni kiasi gani, lakini ni mdogo mno.

Halafu shangazi yetu wa Uvira akanitumia ujumbe wa sauti. Alikuwa anafurahi. “Mungu ni mkubwa, mwanangu! Tulikuona kwenye simu umelala, ulimi nje, mate yanatoka, tukasema huyu amekwisha. Hata watu wa Bukavu walikuona. Hata wale wa Nairobi.”

Niliusikiliza mara tatu. Kikundi cha maombi kilikuwa kimekuja wodini, wakazunguka kitanda, na Josué akashika simu juu ya uso wangu ili ndugu wa nchi nne waombe pamoja. Kichwa changu cha kunyolewa. Mrija wangu. Nepi yangu ikionekana pembeni, maana shangazi hakuacha kunieleza hata hilo. Nilikuwa nimeliandika! Mstari mzima. Mwenye simu alikuwa amelitia sahihi.

Mionzi ilianza Desemba. Vipindi thelathini, siku tano kwa wiki. Wanakutengenezea barakoa ya plastiki yenye matundu inayofuata uso wako, wanaibana mezani, na unabaki umelala huwezi hata kukunja pua. Niliwauliza mashine inajuaje pa kupiga, na mwanamke mmoja alinieleza vizuri sana, mpaka nikasahau kuogopa. Nahesabu majira kwa vipindi hivyo. Kipindi cha nne theluji ilianguka. Kipindi cha tisa nywele zilizokuwa zimeanza kuota zikatoka kwenye kofia, kiraka chenye umbo la kiganja. Kipindi cha kumi na mbili chakula kilipoteza ladha yote isipokuwa ndimu. Na kila siku aliyenipeleka ni Josué, ambaye ni dereva wa teksi, akipanga kazi zake kuzunguka saa yangu. Hatukuzungumza. Aliwasha redio ya Kisweden ambayo haipendi.

Hapa nchini mgonjwa anaweza kusoma faili lake mwenyewe kwenye kompyuta. Nilianza kulisoma kidogo kidogo, kwa sababu herufi zilikuwa zinanikimbia. Siku moja nilifika kwenye siku yangu ya tatu. Daktari alikuwa ameandika kwamba amemuuliza kaka wa mgonjwa kuhusu matakwa ya mgonjwa. Mstari uliofuata: kaka anasema familia inataka kila kitu kifanyike.

Nilikwenda nalo kwenye simu yangu hadi chumba cha kusubiri mionzi, siku ya kipindi cha kumi na saba. Chumba kile kina viti vya kijani na fumbo la picha la vipande elfu moja ambalo wagonjwa hulijenga kwa zamu. Josué alikuwa anatafuta kipande cha anga.

“Yaya,” nikasema, maana kwetu ndivyo anavyoitwa kaka mkubwa, “daktari alikuuliza nini siku ya tatu?”

“Nani atakumbuka?”

Nikamsomea. Akaitikia kwa kichwa. “Voilà, ndiyo hivyo. Nilimjibu.”

“Hukumjibu. Alikuuliza mimi nataka nini. Ukamwambia ninyi mnataka nini.”

“Kuna tofauti gani? Wewe si wa familia?”

“Alijua mimi ni wa familia! Angekuwa anataka maoni ya familia angeuliza maoni ya familia!”

“Punguza sauti.”

“Hakuna anayesikia Kiswahili humu. Ulinionyesha watu kwenye simu na mate yangu.”

“Watu walikuwa wanafunga, Faida. Siku tatu bila chakula. Walitaka kujua wanamwombea nani.”

“Wangeambiwa jina!”

Akaweka kipande cha anga chini. “Mais, lakini uko hai. Uko hai unanigombeza. Ningeifuata ile karatasi yako ungekuwa wapi?”

“Ningekuwa hapa hapa! Karatasi ilisema wajaribu. Mstari wa kwanza, wajaribu kila njia. Ulitia sahihi kitu usichokisoma.”

Mzee mmoja wa Kisweden akaitwa, akaenda, mlango ukafungwa.

“Nilianzia katikati,” Josué alisema. “Pale uliposema wasikuweke kwenye mashine. Baada ya hapo macho yalikataa.”

Mwanamume aliyekaa nyuma ya mti wa plastiki akakohoa. “Samahanini jamani,” alisema kwa Kiswahili safi. “Mimi ni mtu wa Tabora. Nimeona niseme sasa, kabla hamjafika mbali zaidi.”

Josué alifunika uso. Mimi nilicheka mpaka mshono ukauma, na nilikuwa bado nacheka walipokuja kunifunga barakoa, wakaniambia nitulie.

Lakini mezani pale, uso umebanwa, niliona na kosa langu. Kwa muda wote ule sikuwahi kumwambia kaka yangu uso kwa uso. Nilikuwa nimeandika karatasi ili iseme badala yangu, nikaizungusha pamoja na chai na biskuti, nikategemea sahihi zifanye kazi ya mazungumzo. Kwake ile ilikuwa karatasi ya familia, na mkubwa wa familia ndiye anayesema karatasi ya familia ina maana gani. Alifanya kile alichofundishwa. Hasira yangu haikupungua, iligawanyika tu.

Haya ndiyo niliyoyapata kwa kuuliza, na mimi si mwanasheria, kwa hivyo nawe uliza. Ile hati ya uwakala ni kitu kizuri, itengeneze. Bila hiyo, ukishindwa, mahakama inaweza kukuwekea msimamizi, na anaweza kuwa mtu usiyemjua kabisa, akafungua barua zako. Lakini hati hiyo inaishia mlango wa daktari. Kuhusu matibabu hakuna unayeweza kumkabidhi mamlaka. Daktari ndiye anaamua, na kabla ya kuamua anatakiwa kutafuta wewe mwenyewe ungetaka nini. Ulichoandika hakimfungi, ila anapaswa kukipima, na hawezi kukipima kama hakimo kwenye faili. Kisha anawauliza walio karibu nawe. Hapo ndipo mambo yanapoharibika kwetu, maana tukiulizwa fulani angetaka nini tunajibu kwa niaba ya ukoo, tena tunaona fahari.

Na kwa nini haya niliyakuta kwa kuchimba? Nilipewa vipeperushi kuhusu kofia za nywele bandia, kuhusu maegesho, kuhusu kunawa mikono. Niliulizwa mara tatu kama nina mzio wa karanga. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza, kabla ya kunifungua kichwa, nani akumbuke maneno yangu. Wanaogopa kututisha. Mimi nilitishika pale nilipokuta hakuna aliyekuwa ananisikiliza.

Mionzi iliisha mwishoni mwa Januari. Machi, barafu ikiyeyuka na changarawe za majira ya baridi zikisagika chini ya viatu, nilitengeneza hati mpya. Mama Keza alisema twende ofisi ya wakili. Nikasema twende chumba cha kufulia cha jengo letu. Pale kila mtu ana saa yake iliyoandikwa ukutani, kwa hiyo unajua nani atakuwepo. Tuliwakuta bwana mmoja mzee wa ghorofa ya tano anayekunja mashuka kama mwanajeshi, na msichana wa Kieritrea anayesomea uhandisi. Niliwaeleza ni hati ya namna gani.

“Ninahitaji kujua ndani kumeandikwa nini?” mzee aliuliza.

“Hapana. Unahitaji kuniona natia sahihi, na kuona nina akili.”

Alinitazama, kofia yangu, uso wangu wa mviringo. “Wiki iliyopita ulinifokea kwa sababu ya vumbi la kikaushio,” alisema. “Akili unazo.”

Nilitia sahihi juu ya mashine ya pili, wakiwa wamesimama wote wawili. Wakatia na wao. Mama Keza alisimama nje ya mlango, mikono nyuma, kwa usalama.

Hiyo ilikuwa nusu. Kwa nusu ya pili niliomba miadi na daktari wangu wa sasa, mwanamke kijana, nikamwambia sitaki kuzungumzia picha za kichwa, nataka maneno yangu yaingie kwenye faili. Akanipa dakika arobaini na tano, na namshukuru. Nilikwenda na Mama Keza. Na nilikwenda na Josué. Usiku uliotangulia sikulala. Mchana wa siku ya miadi, kabla hatujaingia, ndani ya teksi yake iliyosimama mbele ya hospitali, nilikuwa nimezima redio na kumwambia kwa mdomo wangu yote, polepole, nikimtazama. Aliuliza tu, “Sema tena lile la mwisho.” Nikasema tena.

Daktari alinisikiliza kwanza, akaandika. Kisha akawageukia. “Siku Faida akishindwa kusema, nitawauliza ninyi. Mmeelewa anataka nini?”

Mama Keza alisema, na alisema sawasawa, kwa haraka, kama anayesoma orodha ya jikoni.

Josué alikuwa amevaa suti ya kanisani. Alianza na “Sisi kama familia,” akasimama. Akavua miwani. Nilijua kwamba hapa ndipo ninapopona au nisipopona, na kwamba siwezi kumsaidia hata kwa jicho.

“Anataka mjaribu,” alisema kwa Kisweden chake kizito. “Mjaribu sana. Mkiona hakuna kurudi, hataki mashine. Anataka asiumie. Asemeshwe Kiswahili. Asipigwe picha.” Akaikunja miwani. “Mimi nisingechagua hivyo. Mimi ningemshika. Lakini hayo ndiyo maneno yake, na alipoyasema alikuwa na akili zake.”

Vidole vya daktari vilisimama juu ya kibodi. Akaniuliza kama lile la mwisho, la kwamba kaka hakubaliani, aliache nje.

“Liandike,” nikasema. “Liandike kama alivyolisema.”